Pete ya Dirisha la Saba

Fundi Odongkara kanipa ndoo, gunia, na onyo:
msasa uuache mfukoni.
Shaba si chuma, anasema, haiogopi maji,
inaogopa pupa.

Nimeketi kwenye gati la Masese tangu saa moja,
mbele yangu turubai na viungo vya meli,
vimelala kama mifupa ya samaki aliyeliwa na wageni:
bawaba kumi na nne, kengele isiyo na ulimi,
komeo, vali mbili zilizong'ang'ana,
na pete sita za madirisha.
Zilipaswa kuwa saba. Nimehesabu mara tatu
kana kwamba sijui.

Ndimu kwanza. Kata, chovya kwenye chumvi,
sugua kwa kuzungusha, usikwangue.
Ukijani unalainika, unabanduka kama ukoga wa meno.
Chini yake weusi.
Chini ya weusi, wekundu wa kuona haya,
kisha, ukiwa na subira, na kidole chenye mchubuko
ambao ndimu haiusamehe,
manjano inakuja, polepole,
kama mtu anayelikumbuka jina lako.

Kijana wa skrepa amepita na baiskeli.
Mama, kilo kwa elfu kumi na nane.
Nikamwambia apite. Akapita.
Amerudi. Mizani inachungulia mfukoni mwake.

Parafujo za zamani, anasema Odongkara,
hazitaki nguvu. Tia mafuta, kanywe chai, rudi.

Mwaka wa magendo,
sukari ikiuzwa kwa kijiko hapa hapa Jinja,
na harufu ya miwa ikitufikia bure kutoka Kakira,
meli hii ililala bila dizeli,
na baba, mtia grisi wake, miezi mitano bila mshahara.
Alitoka usiku na bisibisi.
Bawaba moja, karo ya kaka.
Vali, kwinini ya mama, na kilo ya unga iliyobaki.
Hakutuambia kitu. Tulijua kwa mikono yake:
ilinuka sarafu, na sarafu hazikuwepo.

Pete ya saba hakuiuza.
Mnunuzi hakuja, alisema, wala hatukumuuliza tena.
Ikakaa chini ya kitanda,
kisha mama akaitoa akaifanya kata ya mtungi.
Miaka yote hiyo mtungi wetu ulikaa
juu ya dirisha la meli,
nasi tukachota, tukanywa.

Leo nimekuja nayo kapuni, chini ya mihogo ya kuchemsha.
Odongkara kaenda mjini kutafuta lehemu.
Korongo wawili juu ya paa la mizani ya samaki
wananitazama kama askari wa kodi.
Natoa. Ndimu. Chumvi.

Namba inafumbuka: 7.
Na upande wa ndani, mahali ambapo kioo kingeficha,
vijistari vya msumari, kumi na kimoja,
vimesimama wima kama watoto kwenye foleni ya uji.
Viwili vimekatwa.

Kumi na kimoja alivichukua, hilo naliamini.
Viwili alivilipaje, na kwa nani,
sina wa kumuuliza.

Mwenye meli anataka kila kitu king'ae kama kioo,
watalii wajipige picha.
Nimesugua nje mpaka nikaiona pua yangu.
Ndani nimefuta kwa kitambaa kikavu,
mara moja, nikaacha.

Odongkara karudi, kainama, kahesabu.
Saba, akasema.
Akaigeuza. Kidole chake kikapita juu ya vijistari,
kikatulia kwenye kile cha mwisho.
Hii ilikuwa wapi?

Nikamwambia: chini ya maji.
Na sikumdanganya.

Akatia mafuta kwenye matundu ya parafujo,
tone moja moja,
akajifuta mikono kwenye suruali,
akasema twende tukanywe chai.