Mstari Wenye Haraka

Jumatatu hatuanzi na karatasi.
Tunaanza na miguu.
Mvua ya usiku imelaza vumbi la Bombo,
nimefagia ua hadi udongo umekuwa ukurasa,
na Sebit, wa miaka saba, amesimama pembeni
kama lori lililozimwa injini.
Nyooka, namwambia, usitazame nyayo.
Anakwenda: kisigino, kidole, kisigino, kidole,
mpaka ugo wa jirani umzuie.
Kisha Khamisa anapita kwenye tao,
mstari uliojaa kama tumbo la mtungi,
mikono ameitanua, penye pindo anayumba,
anacheka.

Ni miwili tu, wanangu: ulionyooka na uliopinda.
Kila herufi mtakayoiandika imezaliwa na hii miwili.
Hawanisikii. Kuna kuku.

Tunachora hewani kwa kidole, kwa kiwiko,
kwa pua, maana Khamisa ameomba pua.
Bi Mastula anachungulia juu ya ugo:
"Na hao watafanya mtihani gani? Wa kuchora nyoka?"
Jibu sina.
Nina maharage motoni.

Mimi nilifundishwa kwa rula.
Rula ile ilikuwa na kazi mbili:
kuchora mstari,
na kumchapa aliyeukosa.
Hata leo nikishika kalamu
vidole vinajikunja kwanza, vikisubiri.

Sasa karatasi. Kalamu za nta tunazipasha viganjani
mpaka zinukie mzinga.
Leo ni umbo la kioo:
katikati nasimamisha mstari mmoja,
kushoto nashusha wimbi, linatoka, linarudi,
linatoka tena,
na kulia naacha peupe, pa Sebit.

Sebit, ambaye kwake b na d ni mtu mmoja
akigeuka kutazama nani kamwita.
Sebit wa mkono wa kushoto,
ambaye amu yake kila Idi humhamishia kijiko kulia,
naye hukirudisha amu akinywa maji.

Anatazama. Hachori.
Nanusa maharage. Haya, baba, anza.
Anaweka kidole juu ya wimbi langu, analifuata taratibu,
kidole kinasita.
"Mama, mstari wako ulikuwa na haraka.
Hapa. Umekata kona."

Naangalia. Kweli.
Pale wimbi lilipotakiwa kulala kidogo kabla ya kugeuka
mimi nilikuwa jikoni.

"Niufuate hivyo hivyo," anauliza,
"au nikurekebishie?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo
kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua.
Nikamtazama yeye, nikatazama nusu yangu,
nikatazama peupe pale palipongoja
kuchukua kila nitakachompa, kwa kinyume chake.

Mama mkwe yuko barazani na ukindu wake,
anashona kawa tangu alfajiri,
zambarau, nyekundu, zambarau,
kutoka kitovu kisichozidi kifungo cha shati,
bila rula, bila penseli.
"Karatasi zote hizo," anasema bila kuinua macho,
"za kujifunza kuzunguka?"
Akakuta kosa mzingo wa tatu,
akafumua, akasonya,
akaanza upya.

Nikachukua karatasi nyingine.
Mara hii nilipumua nikishuka,
nikaliacha wimbi lilale, nikalingoja liamke.
Mkono wa kushoto wa Sebit ukaja upande wa pili,
ulimi nje, nta ikikwaruza,
akatoka nilipotoka, akarudi niliporudi,
Khamisa akituhesabia bila sababu, moja, mbili, tisa.
Chini kabisa tulipishana kwa upana wa punje ya mchele.
Nta haifutiki.
Tukaiacha.

Maharage yaliungua, bila shaka.
Tukala gurusa kavu kwa chai,
na Sebit akaila yake kwa kuizunguka,
kutoka ukingoni, polepole,
akielekea kati.