Fundi Asiyesema

Cēsis usiku. Theluji imeziba dirisha,
Ilze yu jikoni, simu ameiegemeza kwenye birika.
Wa kwanza apiga kelele, auza gundi.
Wa pili ana mashine za bei ya nyumba.
Wa tatu, dakika kumi za maneno
na bado hajagusa ubao.

Ndipo akampata huyu mzee asiyesema:
mikono tu, na randa,
shaa, shaa,
maranda yakijikunja membamba kama ganda la kitunguu.
Akikosea hafichi;
anageuza ubao, anakuna kichwa, anaanza upya.

Ilze, aliyebeba barua za watu miaka thelathini,
hajawahi kushika patasi.
Anairudisha video nyuma: ulimi unaingia tunduni.
Tena.
Mara ya saba, chai imeshapoa.

Asubuhi, kwenye banda la kuni,
msumeno wa marehemu Guntis
uliuma msonobari, ukapotea njia.
Ulimi wake ukacheza tunduni
kama jino la mtoto.
Akacheka peke yake, pumzi ikitoka moshi.

Jioni hakutafuta fundi mwingine.
Alimrudia yule yule,
akaisogeza video
hadi pale anapokuna kichwa.