Kande Bado Ngumu

Kwenye tiketi wameandika: muda, saa moja na dakika kumi.
Kijana wa kaunta, aliyepima boksi langu la zabibu mara mbili
kana kwamba mizani ya Dodoma haimwamini mtu wa Hombolo,
nilimuuliza ni mbali kiasi gani.
"Kilomita mia tatu themanini na ushee, mzee.
Kwa mstari ulionyooka."

Mstari ulionyooka!
Nimelima miaka thelathini.
Hata kamba ya kupandia mizabibu, uivute uivutavyo,
hupinda katikati.

Mama hahesabu kilomita.
Nilimpigia nikiwa mlangoni: "Tunapanda sasa."
"Haya, nami nainjika kande.
Tuone nani atawahi, wewe au mahindi."

Pangaboi zikapotea machoni kwa kuzunguka,
mabati ya mji yakametameta, yakaisha,
yakabaki makorongo meupe, yamekauka,
kama mistari ya kiganja cha mtu nimjuaye.

Basi hukupa nafasi ya kughairi.
Kibaigwa unaweza kushuka kunyoosha miguu,
Gairo ukanunua viazi, ukavuka barabara,
ukasimamisha gari la kurudi, na nani angejua?
Ndege haina Gairo.

Nilidhani maneno nitayapanga njiani.
Sechelela, mdogo wangu, nilianza,
zile ekari mbili za marehemu baba
nilizouza bila kukuita
na hapo wakaniletea maji na korosho.
Sechelela, nilianza tena,
nilikuwa na deni la dawa, deni la mbolea,
hapana, si hivyo,
Sechelela
rubani akatangaza tunashuka.

Miaka saba.
Kwetu mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka:
mavuno kumi na manne sikumpelekea hata kichala.

Dar es Salaam ikanipokea kwa joto la kifuniko cha sufuria.
Mkanda wa mizigo ukazunguka, ukazunguka,
boksi likaja limelowa upande mmoja,
likinuka utamu.

Alikuwa amesimama kwenye chuma cha kutokea,
amevaa miwani nisiyoijua,
mvi mbili tatu mbele ya sikio.
Kati yetu zilibaki hatua nne. Tano, labda.
Akaliangalia boksi.
"Zimesafiri salama?"
"Chache zimepasuka."
"Ndivyo zilivyo."
"Ndivyo zilivyo," nikasema.

Watu wakatupita, wakakumbatiana, wakagombana na madereva.
Simu ikaita mfukoni.
"Mmefika?" Mama, na nyuma yake sufuria ikitokota.
"Huku kande bado ngumu, hata maharage hayajapasuka.
Mmefika?"

Nilimtazama Sechelela.
Alikuwa ameinama, kidole chake
kikifuata maji ya zabibu kwenye kona ya boksi,
akakilamba, akatazama pembeni.

"Ndege imefika, mama," nikasema.
"Sisi… ongeza kuni."