Daftari la Mtogole

Mimi ndiye mtunza daftari.
Jalada limelowa chai, pembe zimeliwa na panya.
Tunachangia watoto wa mtaa: dawa, uji, nauli ya hospitali.

Bi Mwanahawa wa vitumbua, elfu moja,
na vitumbua vinne ambavyo sikujua niviandike wapi.
Fundi Ngwembe hela hana. Kaziba neti mbili
kwa uzi uliobaki kwenye suruali ya mteja.
Kijana wa bodaboda, safari moja ya bure
hadi Mwananyamala, usiku, mvua ikipiga,
mtoto wa Salima kifua kinalia
kama bawaba yenye kutu.

Alikuja pia bwana mmoja na mpiga picha.
Sabuni katoni tatu, Mungu amlipe, sabuni ni sabuni,
ila alitaka watoto wacheke kwanza.
Tatu, meno ya mbele hana, akafumba mdomo fumbu.
Nikaandika: sabuni, katoni tatu.
Kicheko sikukiandika.

Jana magharibi kaingia Mapunda,
yule tuliyemchangia sanda ya mwanawe
mwaka ule maji yalipoingia hadi vitandani.
Kaweka sarafu ya mia tano mezani,
ingali na joto la kiganja.
"Niandike jina lako?"
Akatazama mlango.
"Andika Festo."

Angekuwa darasa la tano sasa.

Nimeandika, kwa wino, kwenye mstari wake:
Festo Mapunda, mia tano.
Kama katumwa dukani,
karudi na chenji.