Namba Sita Kwenye Kamba

Pacha wangu Apio alitangulia kila kitu:
tumbo, shule, ndege ya kwenda Ohio.
Mimi Adongo, wa pili, nilibaki Walukuba
na kikaango, na unga, na madeni ya mayai.
Kwa hiyo mtoto wake ni wangu. Kwetu ndivyo ilivyo,
ubishe usibishe.

Marlon Oketcho alikuja Jinja mara moja tu,
ana miaka tisa, soksi nyeupe mpaka magotini.
Jioni ya kwanza akazivua mwenyewe.
Siku ya nne ukucha wa kidole gumba
ukabaki kwenye kiwanja cha reli,
naye akarudi kwao akiuringia mguu ule
kama mtu aliyelipa kodi.

Kisha akawa mtu wa runinga.
Ubelgiji, ligi ya pili, mji wa viwanda vya nguo
vilivyofungwa kama chetu kilivyofungwa.
Banda la video la Kirya lilimwonyesha
pale tu mechi za Waingereza zilipoahirishwa.
Nilitazama kwenye tundu la turubai
huku kiganja kikigeuza chapati.

Vijana humo ndani: "Huyo ni Mmarekani."
Bendera kando ya jina lake ilisema hivyo hivyo,
na mtangazaji alilitafuna jina la baba yetu
kama mfupa wa samaki asiyemjua.
Mimi niliangalia magoti.
Magoti yale ni ya baba.

Mwanzoni sikuielewa kazi yake.
Hafungi. Halindi lango. Anapokea, anageuka, anatoa,
anapokea tena, karani wa posta mwenye daluga.
Kirya akanieleza: "Ni kiungo, mama."
Nikacheka. Kiungo nakijua:
hakuna anayekisifu kwenye mchuzi,
lakini kikikosekana wageni huweka kijiko chini.

Miaka kumi na moja, mabao manne.
Moja nililiona.
Moja umeme ulikatika, nikasikia tu
mtaa mzima ukiwalaani watu wa umeme.
Mkopo Denmark, benchi Austria, kurudi Ubelgiji,
mshahara kuchelewa, hata kule,
akininong'oneza kwenye simu nisimwambie mama yake.
Halafu goti.
"Kiungo cha kiungo," alisema Kirya,
na hakucheka mtu.

Sherehe haikuwepo. Jumanne moja aliniandikia
maneno mawili ya Kiswahili aliyonayo:
Mama, basi.

Wiki ya tano likafika furushi.
Jezi, haijafuliwa, ina nyasi za huko.
Niliinusa mara moja, sikurudia.
Nikaifua kwa sabuni ya mche,
nikaianika kichwa chini, kama ninavyoanika zote.

Vijana wa Kirya wakasimama njiani:
"Mama Adongo, umempa tisa! Sasa ni mfungaji!"
Kweli. Sita yake, miguu juu,
ilining'inia ikiwa tisa,
ikidondosha maji kwenye vumbi letu.

Niliiacha hivyo mpaka chapati za jioni zikaisha.
Kisha nikaigeuza.