Kura Mbili za Shaba

Mlangoni walinipa kura mbili za shaba,
duara ndogo, kila moja na kijiti kilichoipenya katikati:
chenye uwazi kama unyasi ni cha mshitaki,
kilichojaa ni cha mshitakiwa.
Ukizibana kwa gumba na kidole cha shahada
ncha zote zinafichika. Hata uliyegusana naye bega
hajui umeamua nini.

Mimi Deksitheo, mtengeneza ngozi wa Melite.
Jana nikipeleka mikanda sokoni
niliwasikia wasomi wakibishana penye nguzo:
huyu, haki ni faida ya mwenye nguvu;
yule, haki ni nafsi iliyotulia, kila sehemu na kazi yake.
Sikuambulia mengi.
Mmoja wao hajanilipa mkanda wake hadi leo.

Mshitakiwa ni Mane, Mfrigia, mshona viatu.
Eti kaiba mafuta, mitungi minne,
ghalani kwa Ergofilo mwenye mizeituni mia.
Maji ya saa yakatona, yakatona.
Mane hajamaliza habari ya mtungi wa pili, yamekatika,
akabaki kinywa wazi,
Kigiriki kimemkwama kooni kama mwiba.

Ergofilo alipopita mbele yangu alitabasamu.
Ananidai drakma thelathini tangu kipupwe.
Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, sawa;
ila hawakutuambia
siku atakapotaka urafiki wake urudi na riba.

Nikapanga foleni.
Katika chungu cha shaba nikaiachia ile iliyojaa.
Ikalia, ti.
Si kwamba nilimsadiki Mane.
Si kwamba nafsi yangu ilitulia.
Lile tabasamu lilinichoma,
na giza la vidole vyangu likanipa ushujaa
ambao juani sina.

Jioni Mirto atazihesabu oboli zangu tatu, mara mbili,
atalalamika shayiri imepanda,
kisha ataniuliza: kwani alikuwa mwizi kweli?

Mia moja na tisa kwa tisini na wawili.
Mane huru, anatusubiri nje langoni,
anatushika mikono mmoja mmoja, anashukuru,
machozi yamemlowesha ndevu,
hajui nani ni nani.
Na wale tisini na wawili wanapokea,
wanampigapiga bega, hawapepesi jicho.

Foleni inasogea.
Nanyoosha mkono.