Hodi Haikai Sebuleni

Saa tisa usiku, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano.
Kinyunya kimelala horini chini ya gunia,
nakipapasa kwa kiganja kama anayepima homa ya mtoto.
Hamira ni ya kopo, ile ile ya miaka ishirini.
Sikuwahi kuuliza mna nani ndani yake.

Mwantumu ndiye aliyeuliza.
Amerudi likizo na vidole vinavyonuka spiriti ya maabara.
"Baba, hawa unaowatilia sukari wanailaje?
Hawana mdomo."

Akachovya kidole kwenye bakuli, akakiinua kwenye balbu.
Katika tone hili, alisema, mna seli nyingi kuliko watu wa Tanga nzima,
na kila moja ni nyumba yenye ukumbi,
kuta zake zimekunjwa juu ya kunjo kama chapati
kabla haijasukumwa mara ya pili.
Sukari iko nje, kubwa, haiingii.
Basi seli hujitengenezea mkasi wa protini wa kuikata,
lakini mkasi hautoki nje
mpaka kwanza uingizwe ukumbini, ukunjwe, upate umbo.

"Utoke kwa kuingia?"

"Kama mwali, baba. Hutolewa nje aliyekwisha kuwekwa ndani."

Nikadhani mlango wa ukumbi huo ni mpana.
Akacheka. Protini hupita imenyooka, uzi mtupu,
kwenye tundu ambalo hata tambi ni gogo mbele yake.
"Unakumbuka mama akitia mpira kwenye sketi yangu ya shule?"
Nakumbuka. Pini mbele, kitambaa kikijikunja,
mpira ukisogea nusu, ukirudi robo,
na vidole vya marehemu vikiubana kila uliposogea.
Hakuwa akiuvuta sana. Alikuwa akiukataza kurudi.
"Ndivyo hivyo," akasema Mwantumu. "Kule ndani wapo wabanaji."

Nikageuza daftari la wanaodaiwa mikate,
nikaandika nyuma yake, kwa penseli ya kuhesabia:

*Hodi yatajwa kichwani, mkia ungali nyuma,*
*Uzi hupita tunduni, mshonaji akisoma,*
*Mshikaji yuko ndani, hushika, kisha hukoma,*
*Hodi, ukiwa nyumbani, hukatwa bila huruma.*

Kwa maana hilo nalo alinieleza:
kichwani mwa kila uzi mna herufi chache zenye mafuta,
hizo ndizo hodi, hizo ndizo zinazojibiwa karibu.
Uzi ukiisha kupita, kisu hushuka, hodi hukatwa.
"Inakwenda wapi?"
"Husagwa. Hodi haikai sebuleni."

Kuni zikapasuka. Nikageuza trei.

Wanao hamira mgonjwa huko maabara, akaendelea.
Kwa digrii ishirini na tano anaishi, anazaa.
Mpandishe hadi thelathini na saba, mlango unakwama.
Nyuzi zinarundikana nje, kila moja na hodi yake kichwani,
haijakatwa, haijajibiwa.
Ndivyo walivyoujua mlango, kwa kuuona ukiharibika.

Thelathini na saba.
Hilo ni joto la mtu mzima wa afya, nilisema.
Hakujibu, naye anajua ninawaza nini:
juzi, na begi lake begani, baada ya miezi kumi na minne,
alisimama kizingitini pa nyumba aliyozaliwa
akabisha hodi.
Nikasema karibu, kama ninavyomwambia mkusanya kodi.
Usiku kucha lile neno lilinikaa kooni.

Saa kumi na moja adhana ikalia, akaenda kuteka maji.
Nilikuwa nimeinama tanurini, trei ya nne imeungua pembe,
aliposukuma mlango kwa goti, ndoo mkono huu na huu,
akaingia, akazitua, akachukua mkate ulioungua
akaumega, akaanza kula.

Hakusema kitu.
Nikamsogezea chumvi.